Jicho Linalolala Saa Kumi

“Mdomo uliomfukuza ndio utakaomrudisha,” Paskazia alisema, akapiga kiganja juu ya meza yangu mpaka vikombe vikacheza. “Mimi sina jingine la kukuambia, Bibi Mbuke.”

“Usinivunjie meza. Meza hii imekaliwa na watu wakubwa kuliko wewe.”

“Ilikaliwa na wale watu wa Geita. Ndiyo maana leo tunalia.”

“Unalia wewe. Mimi nachambua maharage.”

Kweli nilikuwa nachambua maharage, ila ni yale yale niliyoanza nayo asubuhi, na yalikuwa yameshakuwa safi kuliko roho yangu. Tulikuwa watatu ndani ya mgahawa wangu hapa Tinde, nyuma ya stendi: mimi, Paskazia ambaye ni fundi cherehani na katibu wa timu yetu ya Nyuki, na Donatus, kocha. Donatus alikuwa ameinamia chai iliyopoa. Huyu mtu kwa kawaida anapiga kelele hata akiwa amelala, mkewe ameniambia. Akinyamaza, ujue kuna msiba.

Na msiba ulikuwepo. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya mwisho ya usajili. Saa kumi kamili majina ya wachezaji wetu yalitakiwa yawe yamefika mkoani, wachezaji kumi na wanane, kila mmoja na dole gumba lake kwenye fomu. Tulikuwa nao kumi na saba. Kati ya hao kumi na saba hapakuwa na kipa hata mmoja. Timu isiyo na kipa haipokelewi. Isipopokelewa inafutwa kwenye ligi, na nafasi yetu wanapewa watu wa Didia, ambao tangu asubuhi wamekuja kukaa upande wa pili wa barabara kama fisi waliosikia ng'ombe anakohoa.

Kipa tuliyemtaka alikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale, nyumbani kwa binti yangu Rebeka, anafunga mizigo. Basi la Geita linapita saa tisa. Jina lake ni Maduhu. Nimelitaja mara hii moja ili msipotee, sitalirudia, maana huyo ni mkwe wangu, na kwetu mama mkwe halichezei jina la mkwe wake kama punje mdomoni. Kuanzia hapa ni Baba Kulwa, kwa ajili ya wajukuu zangu pacha, Kulwa na Doto.

Watu wanadhani mpira unaumiza siku ya mechi. Siku ya mechi unaumia dakika tisini, unakwenda nyumbani, unakula. Kinachoua ni ile miezi isiyo na mechi. Uwanja umelala, mbuzi wanakula nyasi za katikati, na kila asubuhi mtu anakuja kunywa chai kwako na kukuambia nani mwingine ameondoka.

Mimi sikusoma. Shule ilijengwa kijijini kwetu nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Lakini kikosi cha Nyuki nakipanga kila asubuhi kwenye ungo, kwa maharage. Mabeki ni maharage ya njano kwa sababu hayaivi haraka. Viungo ni kunde. Mawinga ni choroko, zinateleza. Namba tisa ni haragwe moja jekundu kubwa kama figo. Na golini naweka njugu mawe moja, ngumu, ya mviringo, ambayo ukiigonga na jino ni jino linalojuta.

Basi tangu ligi iishe, tukiwa nafasi moja tu juu ya shimo la kushuka daraja, ungo wangu ulikuwa unapungua. Kunde ya kwanza ilimfuata mchumba Kahama. Choroko zote mbili, watoto wa tumbo moja, zikachukuliwa Mwanza siku moja kwa gari moja, na mama yao akaja kulia hapa hapa akitaka nimpe supu ya bure. Haragwe la njano lililokuwa likicheza katikati likabatizwa kwa Wasabato. Nilimwambia yule kijana, mwanangu, Mungu anaona mpira pia. Akaniambia, “Anaona, Bibi, lakini si Jumamosi.” Mechi zetu zote ni Jumamosi. Kipa wa akiba akaenda jeshini. Namba tisa akaenda machimboni kwa wiki moja tu, kutafuta nauli ya kumwona baba yake, na hiyo ikawa wiki ya kumi na moja.

Donatus akaanza kuokota. Sisemi kusajili, nasema kuokota, kama mtu aliyemwaga mtama njiani. Kutoka Nkome kule ziwani akamleta Abdulhalim, mvuvi wa dagaa, kifua kama mlango wa kanisa. Anakimbia huyo. Lakini mpira amejifunzia kwenye mchanga wa mwaloni, zinaposhukia mitumbwi, na ardhi ngumu ya Tinde hakuizoea, hajui pa kusimamia. Siku ya majaribio aliupita mpira, akalipita goli, akaupita uzio wa minyaa wa jirani, tukamkuta zizini amemkumbatia ndama, na ndama ndiye aliyekuwa analia. Tukamsajili. Akaja winga mwingine aliyesema ana miaka ishirini na miwili. Nikamtazama, nikamkumbuka. Alikuwepo kwenye harusi yangu, akibeba viti. Tukamsajili naye. Akaja beki mrefu mpaka anainama kuingia mlangoni kwangu akiwa bado yuko barabarani. Msinitazame hivyo, ndivyo nilivyoona.

Nilikuwa nacheka nikiwapanga kwenye ungo, lakini kilikuwa kile kicheko cha mtu anayeezeka nyumba na mawingu yameshafika. Kila asubuhi nilipomaliza, nyuma ya wote palibaki pengo. Njugu mawe nilikuwa nayo mfukoni, sikuwa na haki ya kuiweka.

Sasa niwaeleze huyo Baba Kulwa ni mtu wa namna gani.

Alitoka Didia akiwa na kandambili za tairi na shati moja. Mwaka ule nilikuwa najenga chumba cha nyuma, na matofali yangu yalikuja na lori kutoka tanuri la mtoni. Mnajua namna ya kushusha matofali: mmoja yuko juu anarusha mawili mawili, wa chini anadaka na kupanga. Huyu aliyekuwa chini alikuwa akidaka matatu. Hatazami juu. Anazungumza na wenzake, tofali zinakuja, mikono inakwenda yenyewe kuzipokea kama mama anayepewa mtoto. Siku ile lori zima halikuvunja hata tofali moja. Nikamwita Donatus kutoka kwenye banda lake la baiskeli, nikamwambia njoo uone mikono. Akaja akaona mikono. Rebeka naye akatoka na jagi la maji, akaona mengine yake.

Misimu mitano amekaa golini kwetu. Hasemi. Wapinzani wakipiga penalti anainama anafunga kamba ya kiatu, na mpigaji anaanza kufikiri. Mwaka juzi alidaka penalti mbili kwa mechi moja, na baadaye akadaka kanga wa porini aliyekuwa anapita zake juu ya goli. Tulimla yule kanga. Ng'ombe wa mahari aliwaleta mmoja mmoja, kila kiangazi mmoja, kwa miguu kutoka Didia, bila kukumbushwa. Na kwa miaka yote hiyo, mimi na yeye hatujazungumza zaidi ya shikamoo, marahaba, na watoto wamelala. Hakai kwenye benchi nililokalia. Hali mbele yangu. Akifika kwangu anasimama nje, anapiga hodi mara tatu, anangoja nijitande khanga ndipo aingie akiangalia chini. Vijana wa mjini wanacheka mambo haya. Yeye hajawahi kukosa hodi hata siku moja.

Ndiyo maana wale watu wa Geita waliniamini.

Walikuja wiki mbili baada ya ligi kuisha, wanaume wawili kwenye gari jeupe, wa timu moja ya huko yenye basi lake na nyumba za wachezaji. Wakaagiza ugali na sato. Walipokwisha kunawa, mmoja akaniuliza, “Mama, kipa wenu yule mnamwonaje?”

Nikawafutia meza. Nikasema, “Mimi sipaswi kumsema. Ni mkwe wangu.”

Hapo wakasogeza viti. Nani anaacha kusikiliza mtu aliyesema hapaswi kusema?

Nikawaambia alipokuwa mdogo akichunga, nyoka wa kutema alimtemea jicho la kulia. Bibi yake akamwosha kwa maziwa ya mbuzi mweusi, jicho likapona, lakini likabaki na tabia. Kuanzia asubuhi linaona vizuri, linaona hata mchwa aliye upande wa pili wa reli. Ikifika saa kumi jioni, linalala. Liko wazi, lakini limelala. La kushoto linaendelea na kazi peke yake mpaka magharibi. “Hatumlaumu,” nikawaambia. “Tunamwombea.”

Wakatazamana. Mechi zote huanza saa kumi. Na bahati mbaya, mechi ya mwisho alikuwa amefungwa goli la mbali, mbele ya macho yao. Mtu mwingine angewaambia hivyo wangemcheka. Lakini mama mkwe. Nani amewahi kumsikia mama mkwe wa Kisukuma akimvua nguo mkwe wake mbele ya wageni kwa uongo? Wakashukuru, wakalipa, wakaondoka, hata sato hawakummaliza.

Baba Kulwa, ambaye walikuwa wamemwahidi kumpigia, aliingoja simu yao wiki tatu. Rebeka aliniambia alikuwa anaoga nayo, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Wiki ya nne akasikia kwamba kuna mtu wa Tinde aliyesema hana jicho. Hakugomba. Alichukua nguo zake za kazi akaenda Geita, kwenye machimbo, akaingia kazini kwenye duara, shimo la dhahabu la watu wengine, mikono ile inavuta kamba ya ndoo za mawe kutoka chini. Na leo asubuhi alirudi Tinde. Donatus alimfuata na fomu, akapiga magoti kabisa, mtu mzima wa miaka hamsini na goti bovu.

“Akasemaje?” nilimuuliza Donatus tena, kama vile jibu lingekuwa limebadilika ndani ya kikombe.

“Nimekwisha kukuambia, Bibi.”

“Niambie.”

“Alisema, kocha, nionyeshe aliyenisema. Nikimjua ninasaini leo, hata akiwa ni wewe. Nisipomjua, sirudi kusimama golini na mtu wa kunichoma yuko nyuma yangu.” Donatus akasukuma kikombe. “Anadhani ni mimi. Mimi niliyemfundisha kuvaa glovu.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Nimwambie nini? Kwamba ni mama mkwe wake? Angenipiga. Mimi mwenyewe nilipoambiwa na refa mmoja wa Kahama, aliyesikia kwa wale watu wa Geita, nilikaribia kumpiga refa.”

“Hakuna atakayeamini kwa mdomo wa mtu mwingine,” Paskazia akasema. “Ndiyo maana nasema ni wewe. Unainuka, unakwenda pale kwa Rebeka, unasema.”

“Nitakwenda kukaa na mkwe nizungumze naye jicho kwa jicho?”

“Jicho ulilianza wewe.”

“Tuseme ni watu wa Didia,” nikasema. “Ni kwao, wanamwonea wivu. Nitamtuma Rebeka akamwambie, na mimi nitatafuta shahidi.”

Paskazia huyu, mimi ndiye niliyemsuka nywele siku ya ubatizo wake. “Uongo mwingine, Bibi,” akasema polepole. “Hata huo wa kwanza haujapoa.”

“Basi Donatus akae golini.”

“Na goti hili?” Donatus akasema.

“Nikae mimi. Nina mapaja, hakuna mpira utakaopita hapa.”

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine wangecheka mpaka jirani aje kuuliza. Nje, wapiga debe walikuwa wanaita abiria wa Nzega, na saa ya ukutani, ambayo huwa inachelewa ninapoitaka iwahi, ilikuwa inakimbia kama Abdulhalim. Saa nane na nusu.

“Bibi, sikiliza,” Paskazia akasema, akasogeza kiti karibu, na akaacha kugombana, jambo lililonitisha kuliko meza kupigwa. “Nimepita pale kwa Rebeka nikija. Unajua kinachofungwa?”

“Nguo zake.”

“Vyandarua. Masufuria. Zile sweta za watoto, za rangi ya chungwa. Hapandi basi peke yake leo.”

Mkono wangu ulikuwa kwenye ungo, ukaendelea kuchambua wenyewe.

“Anawapeleka machimboni,” akasema. “Kule hakuna nyumba ya timu. Watalala chini ya turubai. Rebeka hajakuambia kwa sababu hajui atakuambiaje. Sasa niambie, ulimharibia kwa nini? Kwa ajili ya Nyuki?”

“Kwa ajili ya Nyuki,” nikasema.

“Bibi.”

“Ulitaka tukae bila kipa?”

“Bibi Mbuke, mayu, mama yangu. Sasa hivi hatuna kipa.”

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumwambia mtoza ushuru kwamba mgahawa huu ni kaburi, akanipa pole na kuondoka. Lakini pale nilichukua choroko moja nikaihamisha kutoka kushoto kwenda kulia, nikairudisha.

“Nyuki haikuniingia akilini kabisa siku ile,” nikasema.

Donatus akainua kichwa.

“Wale watu walisema nyumba. Sijui kama walijua walichosema. Mmoja alimwambia mwenzake, ile nyumba ya vyumba viwili inamtosha, ana watoto. Wakasema hivyo wananawa mikono. Nikaiona ile nyumba. Nikamwona Rebeka anafagia uwanja wake, na kamba ya kuanikia, na zile sweta.” Nikaona bora nimalize, maana saa ilikuwa inakwenda na timu ilikuwa inakufa hata hivyo. “Baba Rebeka alipokufa nilikaa miezi minane napika sufuria kubwa kwa mtu mmoja. Sikujua kupika kidogo. Kisha hawa wakazaliwa. Kila asubuhi wanakuja kabla sijawasha moto. Kulwa anakaa mlangoni, Doto anakuja kwenye ungo, ananilia wachezaji. Alimla namba tisa akiwa mbichi kabisa, na ndiyo kwanza nilikuwa nimempanga. Nikimpiga anacheka. Hiyo ndiyo timu yangu, Paskazia. Wale wengine nawapenda, naweza kuzimia kwa ajili yao, lakini ningewapa watu wa Geita wote kumi na mmoja na goli lenyewe. Sikuwa nazuia kipa. Nilikuwa nazuia watoto.”

Paskazia alikuwa anashika kile kibati cha wino wa dole gumba, anakifungua, anakifunga.

“Na kwa kuwazuia kwenyewe nimewapeleka turubaini,” nikasema. “Jicho lake ni zima. Halijawahi kulala. Siku ya lile goli la mbali, aliniona mimi. Nilikuwa nimeingia uwanjani kumfukuza mbuzi nyuma ya goli lake, na kwa heshima akageuza uso asinitazame. Mpira ukapita hapo. Nililijua tangu siku ile. Alifungwa kwa ajili ya adabu, na mimi adabu hiyo nikaiuza kwa sahani mbili za sato.”

“Kamwambie hayo,” Donatus akasema. “Hivyo hivyo ulivyosema.”

“Nikimwambia atasaini kweli?”

“Alisema atasaini.”

“Alisema hata akiwa ni wewe. Hakusema hata akiwa ni mimi. Kocha anaweza kusamehewa, kesho kuna mazoezi. Mimi akinijua, atasaini kwa heshima ya neno lake, kisha atapanga nyumba upande wa pili wa Tinde, na wale watoto hawatakanyaga hapa, na hakuna mzee atakayemlaumu.”

“Ama atabaki hapa hapa,” Paskazia akasema.

“Ama atabaki.”

“Ungependa uwaone kwa mbali Tinde, au usiwaone kabisa?”

Saa tisa kasoro dakika kumi. Kule chini barabarani nikasikia honi ya basi, ile yenye sauti tatu ya kampuni inayokwenda Geita, bado iko mbali kwenye mteremko. Niliuweka ungo mezani. Nikatoa njugu mawe mfukoni, nikajifunga khanga ya pili, nikainuka.

“Haya,” nikasema. “Nikifika nitasimama mlangoni, nitageuka niuangalie ukuta, nitasema, Baba Kulwa, aliyesema jicho lako linalala ni…”

Pazia la mlango likafunguka.

Alikuwa amesimama pale, na nyuma ya miguu yake niliyaona mabegi mawili na ndoo ya masufuria, vimepangwa chini vizuri ukutani, kimoja baada ya kingine, kama matofali. Kupanga mzigo hivyo kunachukua muda, na pazia halizuii sauti. Doto alikuwa begani mwake, ndani ya sweta la rangi ya chungwa, akinyoosha mkono kuelekea kwenye ungo.

Paskazia alikuwa ameshika kibati cha wino, kiko wazi. Donatus akasimama, akakaa. Mimi nikavuta khanga mpaka machoni, nikabaki na njugu mawe ndani ya ngumi, na neno langu likiwa nusu nje ya mdomo.

Hakupiga hodi.